Kiti cha maboksi: shajara ya mradi wa Darasa la Tatu

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza na maboksi 11: manne ya sabuni, matano ya mafuta ya kula, mawili ya feni. Watoto wameyabeba kichwani kutoka madukani na kila mmoja analijua lake. Darasa lina watoto 58, hivyo nimewagawa vikundi vinane, na kila kikundi kimepewa sehemu yake chini ya mwembe nyuma ya darasa.

Kazi yenyewe ni kiti. Tuna mwenzetu mwenye mtindio wa ubongo aliyejiunga nasi Januari. Anasoma vizuri, na hesabu za kujumlisha anawashinda wengi, lakini mgongo wake haumshiki. Akiwekwa kwenye dawati anateleza mpaka kidevu kinagusa meza. Dada yake wa Darasa la Tano huja kumshikilia vipindi viwili kila siku, naye anakosa vya kwake. Vipindi vinavyobaki mwenzetu anakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Niliwahi kukaa pale baada ya watoto kuondoka, nikatazama mbele. Ubao hauonekani. Kinachoonekana ni miguu ya madawati.

Kiti cha mbao cha aina anayohitaji, bei aliyoitaja fundi bibi yake haiwezi, na shule nayo haina fungu hilo. Wazo la kutumia maboksi si langu. Zimbabwe kulikuwa na mwalimu, Bevill Packer, aliyeonyesha kwamba karatasi zilizotupwa na maboksi, yakigandishwa kwa uji wa unga, yanakuwa ubao mgumu wa kutengenezea samani na vifaa vya watoto wenye ulemavu. Ufundi wake umefika nchi nyingi za Afrika. Mimi niliuona kwenye semina ya elimu jumuishi: kigoda cha karatasi kilichokaliwa miaka mingi hadi kikang'aa. Nilikigonga kwa kidole, kikalia kama mlango.

Tumejipa hadi katikati ya Septemba. Wiki mbili za mwanzo hatugusi kiti kabisa. Watoto walijue boksi kwanza.

Jumatano, 16 Julai

Leo ilikuwa kuchana tu. Kila kikundi kimelowesha kipande cha boksi, kimebandua karatasi ya juu taratibu na kuchungulia. Kijana mmoja wa kikundi cha tatu akapaza sauti: "Mwalimu, humu ndani kuna bati!"

Ndivyo lilivyo. Ukuta wa boksi ni karatasi tatu. Mbili zimelala bapa nje na ndani, na ya katikati imekunjwa migongo-migongo kama bati la nyumba. Tangu saa ile neno la darasa ni "migongo", na sijaona haja ya kuwaletea neno jingine.

Niliwaeleza kidogo ilikotoka. Mwaka 1856 Waingereza wawili, Healey na Allen, walipata hataza ya karatasi ya migongo kwa ajili ya kuweka ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 huko New York, Albert Jones akaitumia kufungia chupa na vioo vya taa visivunjike. Mwaka 1874 Oliver Long akaibandika karatasi bapa, migongo ikaacha kulala ikibanwa. Kofia hazikuwagusa. Kioo cha chemli walikielewa papo hapo, kwa kuwa nusu yao wamewahi kutumwa dukani kukinunua na kuambiwa watembee polepole.

Kisha jaribio. Nilikata vipande viwili vya ukubwa mmoja, sentimita 10 kwa 40, kutoka boksi moja. Kimoja migongo inakwenda kwa urefu, kingine inakatiza. Tukavilaza kati ya madawati mawili kama madaraja, tukawa tunaongeza paketi za chaki. Cha migongo inayokatiza kilijikunja na paketi ya pili. Kile kingine kilibeba paketi zote tisa tulizokuwa nazo, na watoto wakataka tuongeze jiwe.

Nilipowauliza waseme kanuni, binti mmoja mkimya sana alisema: "Mwalimu, ukitaka kuvuka mto, migongo ivuke na wewe." Nimeiandika juu ya ubao na sitaifuta mpaka mradi uishe.

Jumanne, 22 Julai

Nguzo. Karatasi nene moja kwa kila kikundi, ikunjwe iwe nguzo yenye umbo la duara, pembetatu au mraba, ibebe madaftari. Duara lilishinda katika vikundi vyote, kwa kuwa mzigo unajigawa mduara mzima na hakuna kona inayolemewa peke yake. Mraba ulikuwa wa mwisho. Tulifanya pia fremu za vijiti vya mishikaki na uzi: ya pembe nne inalala ubavu ukiisukuma, ya pembetatu inakataa. Watoto wameondoka wakichungulia kenchi za paa la darasa.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya gundi. Mpishi wetu wa shule ametusaidia, na naandika kipimo chake kama alivyokipima, kwa kuwa nimewahi kujaribu peke yangu nikapata madonge. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, maji vikombe vinne. Kikombe kimoja cha maji ya baridi unakorogea unga mpaka uwe laini kabisa. Vitatu unachemsha. Ule mkorogo unaumimina ndani ya maji yanayochemka huku mwiko hausimami, mpaka uji ubadilike kutoka weupe wa maziwa kuwa kama unaopitisha mwanga. Hapo umeiva. Uji usioiva hushika leo na kuachia kesho.

Ukipoa, unapakwa kwa brashi au kiganja. Watoto wanapenda kiganja. Ukilala siku mbili unachacha na kunuka, kwa hiyo tunapika wa siku hiyo tu. Unga nanunua mwenyewe, na niliwaambia watoto wazi kwamba huu hautoki kwenye uji wao wa saa nne.

Kukata kuna sheria. Kisu kinashikwa na mimi peke yangu. Watoto wanatumia mikasi kwa boksi jembamba, na mikono kwa kuchana. Wanaosubiri wanapima na kuchora mistari.

Alhamisi, 31 Julai

Mbao za kwanza zimetoka, na mbili zimeharibika kwa sababu mbili tofauti.

Tunatengeneza hivi: kipande cha boksi, uji, kipande kingine juu yake migongo ikikatiza ile ya chini, uji tena, mpaka matabaka sita. Unene unafika kama sentimita mbili. Kisha mbao inalazwa sakafuni, juu yake meza, juu ya meza matofali, usiku kucha. Asubuhi inatolewa nje ikauke.

Ya kwanza tuliianika moja kwa moja juani saa nne. Saa nane ilikuwa imejipinda kama ganda la muwa. Upande wa juu ulikauka ukajivuta, wa chini bado mbichi. Tuliinyunyizia maji, tukaigeuza, tukairudisha chini ya matofali, lakini haikunyooka sawasawa. Tutaitumia kwa vipande vidogo. Sasa utaratibu ni siku mbili kivulini ikiwa imesimamishwa ili hewa ipite pande zote mbili, na kugeuzwa kila mapumziko. Ndipo jua.

Ya pili ililiwa na mbuzi. Uji wa ngano juu ya karatasi ni chakula kizuri kwake. Alikula kona yote ya kushoto kabla mtoto yeyote hajamwona. Kikundi cha sita walilia, na mimi niliwaelewa, kwa sababu mbao ile walikuwa wameibandika vizuri kuliko zote. Tangu leo kuna zamu ya walinzi wawili kila mapumziko.

Jumanne, 5 Agosti

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuja kutoka hospitali. Nilimwomba kwa sababu kiti cha mtoto huyu hakipimwi kwa macho. Bibi yake amekuja pia. Watoto wote 58 walisimama: "Shikamoo Bibi!" Akaitikia, akakaa kwenye mkeka kando ya mjukuu wake.

Mtaalamu alimlaza, akamkalisha, akamshika nyonga, akatuonyesha kwamba nyonga ikitulia mgongo nao unapata pa kusimamia. Anataka pembe mraba tatu: kwenye nyonga, kwenye goti, kwenye kifundo cha mguu. Na nyayo zikanyage mahali, zisining'inie. Watoto walizitafuta zile pembe mraba kwa kona ya daftari, wakiiweka kwenye magoti yao wenyewe, na nadhani hakuna siku nitakayofundisha pembe mraba ikaeleweka kuliko leo.

Vipimo, wakiandika wenyewe: nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, sentimita 29. Kiti kitakuwa na kina cha 27, ili ukingo usimchome nyuma ya goti. Goti hadi kisigino, 26. Upana wa nyonga, 22. Kitako hadi kiwiko, 15, na hapo ndipo meza itakapokaa. Uzito, kilo 19. Mtaalamu ameongeza kitu ambacho nisingekifikiria: kigingi kifupi kilichoviringwa mbele ya kiti, kati ya mapaja, ili miguu isibanane.

Mwenzetu mwenyewe aliulizwa anataka nini. Alichukua muda kulitoa neno, na darasa likasubiri bila mtu kumsaidia. Alisema: "Bluu."

Bibi alinivuta pembeni. "Mwanangu, karatasi itamshika huyu?" Nikamwambia tutaipima sisi kwanza, Bibi, kabla yeye hajaikalia. Akatikisa kichwa. Hakuamini bado, na alikuwa na haki.

Jumamosi, 9 Agosti

Nane Nane imekwisha jana, na leo asubuhi viwanja vya maonyesho hapa Morogoro vilikuwa vimejaa maboksi kuliko tunayoweza kubeba. Tulikwenda na wazazi watatu na guta moja. Watoto walichagua wenyewe: boksi lililolowa hapana, lililovunjika migongo hapana, lenye ukuta wa migongo miwili ndiyo. Mbinu yao ni kubana kona kwa vidole viwili na kusikiliza. Mzazi mmoja alishangaa kuona mtoto wa miaka tisa akikataa boksi zuri la rangi kwa kuwa "migongo yake imelala, mama, haisimami tena."

Tumerudi na maboksi 46.

Jumatano, 20 Agosti

Mbao zote kubwa zimekauka: mbavu mbili, kikalio, mgongo, ubao wa nyayo, meza. Unajua imekauka ukiigonga ikalia, na ukiiweka shavuni haina ubaridi. Zile ambazo bado zilikuwa na ubaridi tumeziacha siku nne zaidi, maana unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu.

Nimekata kwa msumeno wa mbao. Kisu hakipiti tena. Vumbi lake ni laini, kwa hiyo nimekata nje watoto wakiwa mbali, nikijifunga kanga puani.

Kuunganisha ndiko kulikowafurahisha. Hatutumii msumari hata mmoja. Tunatoboa kwa msumari ulionolewa, tunachovya kijiti cha mshikaki kwenye uji, tunakichomeka, tunakata kinachobaki. Kona za ndani tunaweka kipande kilichokunjwa umbo la L; baba wa mtoto mmoja ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtoto wake akasema hiyo ni engo. Ni engo kweli, ya karatasi.

Halafu kufunika. Magazeti na karatasi za mitihani ya zamani yanachanwa vipande vya upana wa vidole viwili, yanapakwa uji pande zote, yanalazwa juu ya kila kiungo, moja likipanda jingine. Yachanwe kwa mkono, yasikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi, na nyuzi zile zinalala chini na kupotea. Ukingo wa mkasi unabaki kama ngazi na baadaye unaanza kubanduka. Nilikaa na kikundi cha tano nikatazama mikono yao. Mtoto analaza kipande, anakifuata kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, hewa inatoka, kipande kinashika. Kisha kingine. Kwa nusu saa hakuna aliyezungumza, na hao ni watoto ambao mwezi wa Juni nilikuwa nawaandikia barua nyumbani kwa kelele.

Jumla ya matabaka ya karatasi juu ya viungo ni manane, mawili kwa siku.

Alhamisi, 28 Agosti

Kimevunjika.

Tulipanga kupima hivi: ndoo moja ya maji ya lita 20, yaani kilo 20, ambayo tayari imempita mwenzetu. Kisha ndoo mbili. Kisha mimi mwenyewe. Ndoo ya kwanza ilikaa dakika kumi, watoto wakahesabu kwa sauti. Tulipoweka ya pili, ubavu wa kushoto ukajikunja chini, kiti kikaegemea, maji yakamwagika.

Kimya. Kisha mtoto mmoja akaanza kumlaumu mwingine, nikasimamisha. Niliukata ule ubavu kwa msumeno mbele yao, nikawaonyesha ukingo. Matabaka sita, na yote sita migongo imelala, kutoka mbele kwenda nyuma. Hakuna hata moja lililosimama. Kikundi cha pili kilieleza kwa uaminifu: vipande vyao vya boksi la feni vilitosha bila kukatwa vikilala hivyo, wakaona ni uchumi mzuri. Kosa ni langu. Nilipima unene wa kila mbao kwa rula, na mwelekeo wa migongo sikuukagua hata mara moja, ingawa sentensi ya yule binti ilikuwa juu ya ubao wangu wiki sita.

Tumebandika ubavu mpya leo leo. Safari hii matabaka manane, manne yamesimama na manne yamelala, na kila tabaka mtoto mmoja anachora mshale kwa penseli kuonyesha migongo inakwenda wapi, mwingine anakagua, ndipo uji upakwe. Ubavu wa kulia tuliutoboa kuukagua. Uko sawa.

Jumanne, 2 Septemba

Kikao cha wazazi. Habari za kuvunjika zimewafikia, na mzazi mmoja alisema mbele ya wote kwamba tunamfanyia majaribio mtoto mgonjwa. Nilimjibu kwamba hatakalia kitu ambacho mimi mwenye kilo 64 sijakikalia, na kwamba mtaalamu ndiye atakayemkalisha mara ya kwanza.

Niliwaeleza pia ya Byumba, Rwanda. Wakimbizi kambini walikuwa wakipewa maturubai na nguzo za aluminiamu. Nguzo zikauzwa, miti ikakatwa kujengea. Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, akapendekeza kwa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa nguzo za mabomba ya karatasi, na mwaka 1999 vibanda vya majaribio vikasimamishwa pale. Karatasi imewahi kubeba mambo mazito kuliko kiti. Mzazi yule hakusema neno, ila leo jioni ameleta nusu kopo la rangi ya mafuta. Ya bluu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ndoo moja, ndoo mbili, ndoo tatu. Kisha mimi, nimekaa robo saa nikisahihisha madaftari. Hakikulia.

Kimepakwa rangi mikono mitatu. Kikalio kina godoro jembamba lililofunikwa kitenge alichokileta Bibi. Miguuni tumebandika soli za kandambili za zamani, kwa sababu sakafu hudekiwa kila asubuhi na maji ndiyo adui mkubwa wa kiti hiki. Yakipanda kwenye migongo yanapanda kama kwenye utambi. Ukanda wa kifuani ni wa kitambaa, na mama mmoja mshonaji ameutia shikizo kubwa.

Mtaalamu alimkalisha saa tatu kasoro dakika kumi. Alirekebisha nyonga, akafunga ukanda, akaweka nyayo, akasogeza meza. Akaondoa mikono yake. Nilikuwa nimesimama upande wa ubaoni, kwa hiyo nilimwona kutoka mbele. Kichwa kiliyumba kulia, kikarudi, kikatulia. Akatazama juu, akapita juu ya vichwa vya safu ya mbele, akaanza kusoma kwa sauti maandishi ya juu ya ubao, neno moja moja: "Migongo. Ivuke. Na. Wewe."

Dada yake alikuwa amekuja kama kawaida. Nilimwambia arudi darasani kwake. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaondoka akikimbia.

Amekaa dakika 25. Mtaalamu ameagiza tusizidishe nusu saa wiki hii, tuongeze taratibu.

Jumatano, 17 Septemba

Ya kurekebisha. Meza iko juu kidogo, mabega yake yanapanda anapoandika. Ishushwe sentimita 2. Ukingo wa kulia wa meza umeanza kuchanika pale anapokokota mkono. Tabaka mbili za karatasi na rangi. Ukanda umemwachia alama nyekundu kwapani, Bibi ameuona wakati wa kumwogesha, kwa hiyo utatiwa pamba.

Atakua. Mtaalamu anasema tumpime tena Januari, na vipimo vyote vya leo viko kwenye daftari la kikundi cha kwanza, ukurasa wa mwisho.

Maboksi 17 yamebaki stoo. Leo mwalimu wa Darasa la Kwanza amekuja kuuliza kama ubao wa nyayo tunaweza kuwatengenezea wao pia, maana madawati ni ya wakubwa na miguu ya watoto wake inaning'inia. Kikundi cha pili kimeomba kazi hiyo. Wameshaanza kuchora mishale.